Kijana Mmisionari Mbele ya Kiswahili cha Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Katika maandishi mengi yanayohusu historia ya Kiswahili, mmisionari huonyeshwa kama mwalimu: ndiye aliyeandika sarufi, ndiye aliyekusanya kamusi, ndiye aliyefungua shule. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu. Kabla ya kuwa mwalimu, kila mmisionari alikuwa mwanafunzi. Tena mwanafunzi mtu mzima, aliyeiacha nchi yake na jamaa zake, asiyeweza hata kuomba maji ya kunywa bila kuonyesha kwa kidole.

Makala haya yanakusudia kumtazama katika hali hiyo isiyosemwa sana. Tutaangalia jinsi Kiswahili kilivyofika kusini mwa Maniema, jinsi siku ya mgeni anayejifunza inavyopita, na makosa gani humpata. Hoja yetu ni moja: mgeni hukijua Kiswahili cha Kasongo na Kabambare pale anapokubali kufundishwa na watu wa nyumbani, si na kitabu pekee, na yale maumbo ambayo sisi wenyewe tuliosoma huyaita "Kiswahili kibovu" ndiyo mara nyingi yanayobeba maneno mazito kuliko yote.

2. Lugha iliyotangulia misioni

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili hakikuletwa Maniema na wamisionari. Kilikuja na misafara ya biashara ya pembe na watumwa iliyotoka Unguja na Bagamoyo kupitia Tabora na Ujiji. Waliokisema waliitwa Waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana, jina ambalo bado linatumika. David Livingstone, ambaye mwenyewe aliingia Afrika kama mmisionari, alikaa Kabambare, anayoiita Bambarre katika maandishi yake, toka Julai 1870 hadi Februari 1871, akiuguza vidonda vya miguu. Kasongo nayo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na baadaye ikatekwa na majeshi ya Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika hati ya Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akazitoa Berlin mwaka 1902 na 1903. Hivyo mji wetu ulikwisha kuingia katika maandishi ya Kiswahili kabla shule za misioni hazijaenea.

Wamisionari walipoingia walikuta basi lugha iliyokwisha kukomaa vinywani mwa watu. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifika Ujiji Januari 1879, na kutoka ziwa Tanganyika walisonga mbele kuelekea magharibi. Lavigerie aliwapa amri kali kuhusu lugha: baada ya miezi sita tangu kufika, wasemezane wao kwa wao kwa lugha ya wenyeji tu. Tena aliwataka wakae watatu watatu, si chini ya hapo. Vazi lao jeupe, lililoigwa kutoka Afrika ya Kaskazini, halikuwa geni sana machoni pa watu waliozoea kanzu. Kwa mavazi walikaribiana na Waungwana. Kwa ulimi walikuwa bado mbali.

Vitabu walivyoweza kupata vilitoka pwani. Krapf alianza kazi yake Mombasa mwaka 1844, na kitabu cha Steere juu ya Kiswahili cha Unguja kilitolewa mwaka 1870. Baadaye, mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo kijana anayejiandaa kuja kwetu hujifunza kwanza lugha ya pwani, kisha huteremka mahali ambapo lugha hiyo imeishi zaidi ya miaka mia moja pamoja na Kibangubangu, Kizimba, Kikusu, Kisonge na nyinginezo.

3. Siku ya mwanafunzi wa lugha

Mwandishi wa makala haya alipata kumsaidia kijana mmoja wa namna hiyo wakati wa likizo. Jina lake na shirika lake tutayaacha. Yatosha kusema kwamba hakuwa Mzungu, kama wengi wangedhani. Alitoka Afrika ya Magharibi, maana siku hizi mashirika ya kimisionari hupata vijana wengi katika Afrika yenyewe. Alikuwa na Kifaransa, na lugha ya mama yake, na daftari moja kubwa.

Siku yake ilianza gizani. Kengele, sala, Misa, kisha chai. Baada ya hapo tulikaa saa mbili mezani na sarufi: ngeli, viambishi vya nafsi, nyakati za kitenzi. Saa hizo ndizo alizozipenda, kwa sababu mezani hakuna anayecheka. Kisha ilimpasa kutoka. Alikwenda sokoni kununua chumvi asiyoihitaji, alisimama penye kisima, aliwaamkia wazee waliokaa barazani. Adhuhuri alikula wali au bugali na sombe iliyotiwa mawese, na mpishi ndiye aliyemfundisha majina ya vyombo vyote vya jikoni. Jioni alifungua daftari na kuniuliza: "Mwalimu, leo nimesikia neno hili, mbona halimo kitabuni?"

Makosa ya kwanza ni yale ambayo kila mwalimu wa lugha anayajua. Kiswahili kina vitenzi vinavyotofautiana kwa irabu moja tu: kuomba, kuimba, kuumba. Siku moja kanisani alitaka kusema "tuombe", akasema "tuimbe". Kwaya ikamtii mara moja, na wimbo ukaimbwa mpaka mwisho. Siku nyingine, akieleza katekisimu, alitamka kwamba Mungu "aliomba" mbingu na nchi. Mtoto mmoja akauliza: "Aliziomba kwa nani?" Swali hilo lilikuwa somo bora kuliko kurasa kumi za matamshi.

Makosa ya pili ni ya ujamaa. Alisikia mama akimwita mtoto wake wa miaka mitatu "baba", akadhani hakusikia vizuri. Ilitubidi kumweleza kwamba mtoto akipewa jina la babu yake hupewa na heshima yake. Mama hamwiti mtoto tu, anamwita na yule mzee aliyemrithisha jina. Vivyo hivyo ndugu wa kiume wa baba ni baba, na dada wa mama ni mama. Anayejifunza Kijerumani hulazimika kuchagua kila mara kati ya "du" na "Sie" anaposema na mtu. Kwetu sisi uzito huo umewekwa katika majina ya jamaa, na anayekosea hapo hukosea adabu kabla ya kukosea sarufi.

4. "Kale katoto"

Makosa ya tatu ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Usiku mmoja kijana huyu aliitwa kwa mgonjwa, mama mzee katika kijiji kimoja cha upande wa Kabambare. Alikwenda pamoja na katekista. Katekista alibaki nje akizungumza na jamaa, naye akaingia peke yake, akaketi karibu na kitanda. Mama yule alikuwa akisema kwa sauti ndogo, akirudia maneno yale yale: "Kale katoto kako wapi?"

Kijana alilishika neno moja tu, "kale". Katika sarufi yake alikuwa amejifunza kwamba kale ni zamani, enzi zilizopita. Akaona kwamba bibi anasimulia mambo ya zamani, kama wazee wafanyavyo saa za mwisho. Akaushika mkono wake, akaitikia kwa kichwa, akasema "ndiyo, mama, ndiyo". Bibi akarudia. Naye akaitikia tena. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda mrefu, mpaka katekista alipoingia, akasikia mara moja, akageuka kutoka. Alirudi na mjukuu mdogo aliyekuwa amelazwa nyumba ya jirani. Bibi akamwekea mkono kichwani, akanyamaza. Siku ya pili yake akafariki.

Kijana aliponisimulia hayo hakuwa akitafuta ufafanuzi wa sarufi. Alisema: "Aliniuliza swali, nami nilimjibu ndiyo." Lakini kazi yetu ni sarufi, na sarufi hapa ina la kusema.

Kiswahili cha Maniema, kama Kiswahili cha Kongo kwa jumla, kina ngeli ya ka-/tu- kwa ajili ya udogo na mapenzi: katoto, tutoto, kanyumba, tunyumba. Ngeli hiyo ina upatanisho wake: kale katoto, yaani yule mtoto mdogo, kako wapi, yaani yuko wapi. Pwani udogo huonyeshwa kwa ki-/vi-, kama kitoto na vitoto, na ka-/tu- imepotea katika lugha sanifu. Ukisikiliza kwa haraka utadhani watu wa Kabambare wameharibu Kiswahili. Ukweli ni kinyume. Wataalamu wa lugha za Kibantu huzihesabu ka- na tu- kuwa ngeli ya 12 na ya 13 za lugha mama ya Kibantu. Lugha za jirani zimezihifadhi, na kwa njia hiyo Kiswahili chetu kimerudishiwa kitu cha kale sana ambacho ndugu yake wa pwani alikiacha njiani.

Ndivyo ilivyo kwa mambo mengine pia. Kitabu hufundisha "nina njaa". Nyumbani husemwa "niko na njaa". Kitabu kina "mtu" na "mzuri"; nyumbani irabu hutamkwa kamili, "mutu", "muzuri". Kitabu kina "ndiye aliyekuja". Nyumbani utasikia "yeye njo alikuja". Kitabu kina "dhambi"; nyumbani ni "zambi". Wala si fujo: kila umbo lina kanuni yake, na mtoto wa miaka minne huifuata bila kukosea.

5. Lugha mbili ndani ya moja

Je, mgeni afundishwe kipi? Wako wanaosema: sanifu tu, maana ndicho kinachosomwa na kueleweka toka Mombasa hadi Kindu. Wako wanaosema: cha nyumbani tu, maana ndicho cha watu. Kwa maoni yetu swali lenyewe limewekwa vibaya. Wenyeji wa Kasongo wanazo lugha hizo mbili. Wanaposoma Maandiko kanisani, au mzee anapohutubia mkutano, hukaribia lugha ya kitabu. Wanapopika, wanapogombana, wanapobembeleza mtoto na wanapougua, hurudi nyumbani. Padri anayejua ya kwanza peke yake ataweza kuhubiri, lakini hataweza kusikiliza maungamo. Daktari atauliza vizuri, lakini hataelewa jibu. Kwa hiyo mgeni na aruhusiwe kusema kama kitabu, mradi afunzwe kusikia kama mtoto wa nyumbani.

Tusitie chumvi nguvu ya lugha. Lugha si ngao. Vikariati ya Kasongo iliundwa mwaka 1952, ikawa jimbo mwaka 1959, na upande wa Uvira ukatengwa mwaka 1962. Huko, tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, waliuawa wanne: Waitalia watatu wa shirika la Waksaveri, Luigi Carrara na Vittorio Faccin kule Baraka, na Giovanni Didonè kule Fizi pamoja na Padri Albert Joubert. Watatu wale walikuwa vijana, waliojifunza Kiswahili wakiwa watu wazima. Joubert, aliyezaliwa mwaka 1908 upande wa Moba, mama yake Mwafrika na baba yake Kapteni Mfaransa, alikulia ndani yake. Aliyejifunza na aliyezaliwa nayo walipatwa na jambo moja. Lakini tarehe 18 Agosti 2024, walipotangazwa wenye heri huko Uvira, ilionekana wazi kwamba nchi waliyoisemesha haikuwasahau.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba shida ya kijana mmisionari kusini mwa Maniema si wingi wa ngeli wala ugumu wa matamshi. Shida ni kwamba amepewa nusu ya lugha, naye anadhani ni nzima. Lawama si yake peke yake. Ni yetu pia, sisi walimu, tunaoona haya kumwandikia "katoto" ubaoni, ilhali mama zetu walituita hivyo.

Tungependekeza mambo matatu kwa wenzetu wanaofundisha wageni. Kwanza, toka juma la kwanza mwanafunzi asikilizishwe mazungumzo ya nyumbani, hata kama haruhusiwi bado kuyaiga. Pili, ka-/tu- na upatanisho wake iwekwe katika jedwali la ngeli, si katika orodha ya makosa. Tatu, mpishi, katekista na watoto wahesabiwe kuwa walimu wasaidizi, kwa kuwa ndivyo walivyo.

Yule kijana sasa anafanya kazi mahali pengine. Kabla ya kuondoka alinionyesha daftari lake. Penye neno "kale" alikuwa ameandika maana mbili, moja chini ya nyingine, na ile ya pili ameipigia mstari.