Wati Mia za Paneli ya Jua

Yeyote akusudiaye kununua paneli ya jua kwa nyumba isiyofikiwa na nguzo za umeme, iwe Mafia, Kwale au bara ya mbali, hukutana kwanza na idadi iliyoandikwa mgongoni mwake, wati 100 kwa mfano, na aghalabu huisadiki kama ahadi, ilhali idadi hiyo imepimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, paneli yenyewe ikiwa na joto la digrii 25 tu. Juu ya bati, wakati wa adhuhuri, paneli hufikia digrii 60 bila taabu, na kwa kila digrii izidiyo 25 paneli za kawaida hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake. Hivyo saa ile ile ambayo jua limepamba moto, kadiri ya sehemu moja katika saba imekwisha kupotea.

Tena jua la asubuhi na la alasiri si jua la mchana. Mafundi hujumlisha mwanga wote wa siku na kuugeuza kuwa saa za jua kamili, nazo katika mwambao wetu ni 5 hivi kwa wastani, wakati wa masika hushuka hata 4, na siku ya wingu zito hupungua zaidi. Wati 100 kwa saa 5 ni wati-saa 500. Lakini ukishatoa hasara ya joto, vumbi, nyaya na betri, kiifikiacho taa ni thuluthi mbili, yaani 330 hivi, na wakati wa masika 260.

Hapo sijataja kidhibiti chaji, chombo kidogo kikaacho kati ya paneli na betri, ambacho wanunuzi wengi hukidharau. Kile cha bei nafuu huishusha volti ya paneli mpaka iwe sawa na ya betri, bila kuziongeza ampea: paneli itoayo ampea 5.5 kwa volti 18, ikifungwa kwenye betri yenye volti 13, haitoi ila wati 72. Ni kweli kwamba hasara hii na ile ya joto huingiliana, wala haifai kuzitoa zote mbili kwa ukamilifu. Hata hivyo thuluthi mbili tulizozitaja ni za kidhibiti bora, na mwenye hiki cha rahisi na atarajie pungufu yake.

Betri nayo ina mpaka wake: ya risasi yenye volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikizoeshwa kukamuliwa kupita nusu hufa mapema, basi itegemee nusu hiyo tu.

Sasa tuyatazame matumizi. Taa 4 za wati 5, zikiwaka saa 5, hula wati-saa 100. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 4 hula 80. Simu 3 hula 45 hivi. Jumla ni 225, na paneli yetu, ikiwa na kidhibiti bora, huyamudu hayo hata wakati wa masika, bali si kwa ziada kubwa. Friji ndogo, iwezayo kutaka 400 peke yake, haimo kabisa katika hesabu hii, na muuzaji amwambiaye mjane au mvuvi kwamba imo anamdhulumu.

Basi, ewe msomaji, kabla hujatoa fedha zako, orodhesha vyombo vyako na saa zake, piga hesabu kwa jua la Aprili wala si la Januari, kisha mtake muuzaji akuandikie kwenye risiti wati-saa za siku, si wati za paneli peke yake.