Upatanisho wa Ngeli na Ufasiri wa Utegemezi wa Mbali: Mifano ya Sentensi za Kiforodha Mpakani Tunduma

Msomaji anapokutana na nomino ambayo kitenzi chake kimewekwa mbali, hulazimika kuihifadhi katika kumbukumbu hadi kitenzi kitokee. Gibson (1998) anaeleza kwamba gharama ya kuunganisha viambajengo hivyo huongezeka kadiri umbali kati yao unavyoongezeka. Lewis na Vasishth (2005) wanaongeza suala la mwingiliano: kitenzi huitafuta nomino yake kwa kutumia sifa zake, na nomino nyingine yenye sifa hizohizo huweza kuchukuliwa badala yake.

Hoja ya mwingiliano ina uzito wa pekee katika Kiswahili kwa sababu ya ngeli. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Lori ambalo wakala aliyepokea hati alilikagua limeondoka.
(2) Dereva ambaye wakala aliyepokea hati alimdai ushuru ameondoka.

Katika (1), viambishi -lo, -li- na li- vinarejelea lori peke yake. Katika (2), a- ya alimdai ni ya wakala na a- ya ameondoka ni ya dereva, lakini umbo ni moja. Nomino za watu, hata zisizoanza na m-, huchukua upatanisho wa a-/wa-. Hivyo, msaada wa ngeli hupungua pale watu wanapotajwa kwa wingi, yaani pale ambapo kujua nani alitenda nini ni muhimu zaidi.

Athari yake ni dhahiri katika mji wa mpakani kama Tunduma, ambako mizigo ya kwenda Zambia hupita kwa hati. Sentensi "Wakala wa dereva aliyesaini hati atalipa faini" haibainishi aliyesaini, ilhali faini inategemea jambo hilo. "Hati ikisainiwa na dereva, wakala wake atalipa faini" huondoa utata huo.

Wasomaji wengi wa Songwe huzungumza pia Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali, lugha za Kibantu zenye ngeli. Upatanisho si jambo geni kwao. Kwa hiyo, kosa la ufasiri katika (2) lisihesabiwe moja kwa moja kuwa udhaifu wa msomaji. Majaribio ya usomaji yanapaswa kutenganisha umbali na ufanano wa ngeli. Vinginevyo, ugumu uliosababishwa na kimoja utahusishwa na kingine.