"Ndiyo" ya Mkutanoni Haitoshi: Tujifunze Kuzungumza na Walengwa



Katika kazi za maendeleo tunatumia siku nyingi kuandaa maandiko ya miradi, bajeti na taarifa za robo mwaka, lakini ni nadra kutenga hata siku moja ya kujifunza kuzungumza. Tunadhani kwa kuwa kila mtu ana mdomo, basi kila mtu anajua mazungumzo. Mimi nilifundishwa vinginevyo na akina mama wa mwaloni.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia uchimbaji wa kisima cha pampu ya mkono katika kijiji kimoja cha wavuvi mkoani Mwanza. Tuliitisha mkutano wa hadhara, nami nikaeleza kwa karibu saa nzima habari za kichocho na faida za maji safi. Mwishoni niliuliza, "Tumeelewana?" Watu wakajibu kwa sauti moja, "Ndiyo!" na kupiga makofi. Katika taarifa yangu niliandika kwamba jamii imeshirikishwa kikamilifu.

Mwaka mmoja baadaye nilirudi. Pampu ilikuwa nzima, haina hitilafu yoyote, lakini njia ya kwenda ziwani ilikuwa imejaa akina mama na watoto wenye ndoo.

Safari hii sikuitisha mkutano. Nilikwenda mwaloni asubuhi, nikawasalimu akina mama waliokuwa wakianika dagaa, "Mwangaluka," nikaketi na kuuliza habari za biashara yao. Tulizungumza muda mrefu kabla sijagusia maji. Hatimaye mama mmoja mtu mzima aliniambia, "Baba, kisima ni kizuri. Ila kinafunguliwa saa mbili mpaka saa nne asubuhi, na saa hizo dagaa wako juani. Nikiwaacha, kunguru watawala, na mvua ikija nani atawaanua?" Nilimuuliza kwa nini hawakusema mkutanoni. Akacheka. "Ulituuliza kama tumeelewa. Tulielewa."

Wiki ile ile kamati ya maji ilikaa na akina mama. Ufunguo ukahamishiwa kwa mama anayeishi jirani na kisima, na saa za kuteka maji zikawa alfajiri na jioni. Haikuongezwa hata shilingi moja. Lakini kwa mwaka mzima watoto walikuwa wameendelea kuingia ziwani, mahali ambapo vimelea vya kichocho hutoka katika konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Hiyo ndiyo gharama ya mradi uliohubiriwa bila kuzungumzwa.

Ndugu msomaji, wanakijiji wale hawakunidanganya. Kwa desturi zetu si adabu kumpinga mgeni hadharani, na si rahisi kwa mama kusimama na kubishana mbele ya baba mkwe wake. "Ndiyo" ya mkutanoni mara nyingi ni heshima tu, wala haimaanishi makubaliano.

Nchi yetu ina mfano mzuri katika jambo hili. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya", ambayo watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Redio ilitumika, na vitabu vilitumika, lakini nguvu yake ilikuwa katika vikundi vidogo. Kwa wiki 12 wanakikundi walisikiliza kipindi kuhusu magonjwa kama malaria na kichocho, wakasoma, kisha wakajadiliana hali ya kijiji chao na kuamua la kufanya. Viongozi wa vikundi walifundishwa kuongoza majadiliano na kuacha kuhutubia. Vyoo vingi vilichimbwa kutokana na maamuzi hayo, kwa sababu waliovichimba ndio waliokuwa wameamua.

Ili nasi tujenge ujuzi huo, napendekeza kamati zizingatie mambo yafuatayo:

1. Tufuate ratiba yao. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Kamati inayotaka kuzungumza nao itazame mwezi kabla ya kalenda ya ofisi.

2. Tusiharakishe salamu. Habari za nyumbani, watoto na kazi ndizo mlango wa mazungumzo. Anayeruka salamu amekwisha kuonyesha kwamba amekuja kwa shida zake.

3. Tuulize maswali yasiyojibika kwa "ndiyo". Badala ya "Mnatumia kisima?", tuulize, "Jana maji mliteka wapi, saa ngapi, na nani aliyekwenda?" Katika Yohana sura ya 4, Bwana Yesu alianza mazungumzo na mwanamke Msamaria kwa kumwomba maji. Aliyekuwa na mengi ya kutoa alianza kwa kuomba.

4. Tuvumilie ukimya. Mtu akinyamaza baada ya swali, huenda anapima kama tunataka kusikia kweli. Tukijaza ukimya huo kwa maneno yetu, jibu linapotea.

5. Turudie tulichosikia. "Kama nimekuelewa vizuri, mama, shida si pampu bali ni saa za kufungua?" Hapo atatusahihisha au atathibitisha, naye atajua kwamba amesikilizwa.

6. Tuzungumze na makundi peke yao kwanza: akina mama, vijana, wazee, wavuvi wanaokuja kwa msimu. Mkutano wa wote uje baadaye, kuunganisha yale ambayo kila kundi limekwisha kuyasema kwa uhuru.

7. Turudi na jibu, hata kama jibu ni "haiwezekani". Aliyeulizwa mara tatu bila kurudishiwa habari hatasema kitu mara ya nne.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapoona katika bajeti siku tatu za kukaa kijijini kabla ya kazi kuanza, msizione kuwa za kupunguzwa kwanza. Na mnapopokea taarifa, pamoja na idadi ya waliohudhuria, tuulizeni pia: "Walisema nini ambacho hamkukitegemea?" Taarifa isiyo na jibu la swali hilo inahitaji kutazamwa upya.

Kwa kamati za sharika, naomba kabla ya kikao chenu kijacho kila mjumbe amtembelee mlengwa mmoja, amuulize swali moja na kusikiliza mpaka mwisho. Mtakayoyasikia yawe ajenda ya kwanza.

Mungu awabariki katika kazi zenu.

Mratibu wa Miradi