BARABARA YA REMERA–KABUGA NI SEHEMU YA KAZI



Barabara hii inatoka Remera, inapita Giporoso, inashuka bonde la Nyandungu, inafika Mulindi, kisha Kabuga. Viwanda vilipohamishwa kutoka bonde la Gikondo kwenda Masoro, karibu na Mulindi, wengi wetu tulianza kuipita alfajiri na usiku. Basi tujue haki yetu. Sheria ya Rwanda huhesabu ajali ya njiani, kati ya nyumbani na kazini, kuwa ajali ya kazi, mradi hukuiacha njia kwa shughuli zako. Bima hiyo, asilimia 2 ya mshahara, hulipwa RSSB na mwajiri; wewe hukatwi. Ukiumia, mjulishe mwajiri na chama mara moja. Tunza karatasi za polisi na za hospitali.