Chambo Hai au Chambo cha Kuigiza? Mwongozo kwa Mvuvi wa Mshipi katika Pwani ya Tanga

Anayekwenda kununua zana za kuvulia jijini Tanga, Pangani au Mkinga hukabiliwa na uamuzi ambao mara nyingi huufanya kwa haraka. Dukani huona samaki wa plastiki wenye rangi za kung'aa, vijiko vya chuma na manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, huku muuzaji akimhakikishia kwamba kwa zana hizo hatahitaji tena kununua kamba wala ngisi. Dikoni, kwa upande mwingine, mzee aliyevua miaka mingi humwambia kwamba samaki wa plastiki ni mchezo wa watalii. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini hakuna aliyeusema wote.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mlaji wa kawaida anayevua kwa mshipi karibu na pwani, awe anavua kwa kitoweo cha nyumbani au kwa burudani ya mwisho wa juma. Shabaha yetu ni kumwezesha kutumia fedha yake kwa kitu kitakachomfaa, na kumkinga na madai ya biashara yasiyo na msingi.

Maana ya maneno

Chambo hai ni kiumbe anayetungwa kwenye ndoana akiwa mzima, kwa mfano kamba, kibua mdogo, simu au chuchunge. Chambo kibichi ni kiumbe huyohuyo akiwa amekufa, au kipande cha ngisi, pweza au samaki. Wavuvi wengi wa pwani yetu hutumia chambo kibichi kuliko chambo hai, na mengi tutakayoyasema kuhusu kimoja yanahusu pia kingine.

Kitu kilichoundwa ili kimdanganye samaki, watu wengi hukiita chambo bandia. Katika makala hii tumekiita chambo cha kuigiza. Neno bandia tumelihifadhi kwa bidhaa iliyoghushiwa, yaani inayobeba jina la mtengenezaji asiyeitengeneza. Chambo cha kuigiza ni bidhaa halali kabisa. Chambo cha kuigiza kilicho bandia ni kosa kisheria, na tutakirudia baadaye.

Anza na samaki unayemtaka

Samaki hawali kwa namna moja. Changu hutafuta kaa, kombe na viumbe wengine wa chini ya maji, na hutegemea sana harufu. Huyu humpata kwa urahisi anayetumia kipande cha ngisi au kamba kilichotulia karibu na mchanga au mwamba. Kelea naye hushika vizuri chambo kibichi, hasa usiku.

Kolekole, nguru na mzia wana tabia nyingine. Hawa huwinda kwa macho na kwa mbio, wakifukuza dagaa na vibua. Kitu kinachong'aa na kukimbia majini huwachokoza kabla hawajapata nafasi ya kukinusa. Hapa ndipo kijiko cha chuma au samaki wa plastiki hupata kazi yake halisi. Chewa yuko katikati: hujificha kwenye pango la mwamba na kurukia kinachopita, kiwe hai au cha kuigiza, lakini akishika hurudi pangoni na kukata uzi.

Tasi, anayependwa sana mezani kwetu, hula zaidi mwani na majani ya bahari. Ndiyo sababu wavuvi humtega kwa dema. Muuzaji anayekuambia kwamba samaki wa plastiki atakupatia tasi kila siku anakuuzia ahadi, na ahadi hailiki.

Maji, upepo na saa

Chambo cha kuigiza kinahitaji kuonekana. Katika miezi ya kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, maji ya nje ya miamba huwa maangavu na bahari huwa shwari zaidi. Ni wakati mzuri wa kurambaza, yaani kuvuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda. Mvua za masika zikianza, mito ya Umba, Zigi na Pangani huleta tope baharini. Katika maji hayo ya rangi ya chai, samaki haoni mbali, na harufu ya chambo kibichi hushinda mng'ao wa aina yoyote. Hali ni hiyo pia usiku.

Maji kujaa na kupwa nayo yana neno. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3, na mkondo katika milango ya ghuba huwa mkali. Chambo chepesi huchukuliwa na mkondo, hivyo itabidi uongeze uzito wa chubwi. Wakati wa maji mafu mkondo hupungua, na chambo hai huweza kuogelea kwa utulivu mahali ulipomweka.

Zana ulizonazo

Hili ndilo jambo linalowagharimu wanunuzi wengi, kwa kuwa halisemwi dukani. Chambo cha kuigiza hakina harufu wala ladha. Uhai wake wote ni mwendo. Mwendo huo hutoka ama kwenye chombo kinachokwenda, ama kwenye fimbo yenye kikunjio cha uzi inayorusha mbali na kuvuta upesi.

Tuchukue mfano wa kijana anayevua kwa mshipi wa mkono akiwa amesimama kwenye gati au juu ya jabali. Akinunua samaki watatu wa plastiki na kuwatumbukiza majini kama anavyotumbukiza kamba, wataning'inia tu kama majani. Hatarudi na kitu, na fedha ya kitoweo cha wiki nzima itakuwa imekwenda. Zana zake hazina kasoro, ila hazilingani. Kwa mvuvi huyu chambo kibichi ndicho chaguo la busara, mpaka atakapopata fimbo au nafasi kwenye ngalawa.

Kinyume chake, mwenye ngalawa au mashua anayepita nje ya miamba asubuhi anaweza kuvuta kijiko njiani bila kupoteza muda, kisha akifika kwenye mwamba akashusha mshipi wenye ngisi. Si lazima kuchagua kimoja na kukiacha kingine milele.

Hesabu ya gharama

Usilinganishe bei ya dukani peke yake. Linganisha gharama ya safari moja. Takwimu zifuatazo ni za kufundishia hesabu tu, si bei za soko.

Tuseme chambo kibichi cha safari moja kinagharimu shilingi 4,000. Tuseme pia kijiko kimoja cha chuma kinauzwa shilingi 12,000. Gawa bei ya kijiko kwa idadi ya safari kitakazodumu. Kikikwama mwambani na kukatika katika safari ya tatu, kila safari imekugharimu shilingi 4,000, sawasawa na chambo kibichi, na bado hujahesabu kipande cha waya na pete. Kikidumu safari 12, kila safari imekugharimu shilingi 1,000.

Kwa hiyo swali la msingi ni hili: mahali unapovua pana miamba kiasi gani? Kwenye mchanga na maji ya wazi, chambo cha kuigiza hudumu na kuokoa fedha. Juu ya matumbawe, hasa kwa anayejifunza, hupotea upesi. Kumbuka pia kwamba chambo kibichi kilichobaki huharibika, ilhali kijiko kilichooshwa kwa maji baridi husubiri safari ijayo.

Unaponunua chambo hai au kibichi

Kamba mbichi awe na mwili mgumu, kichwa kilichoshikana na harufu ya bahari. Ngisi awe mweupe wa kung'aa. Akigeuka kuwa na rangi ya waridi na kutoa harufu kali, muda wake umepita. Samaki wa chambo mwenye mwili uliolegea kupita kiasi, mifupa iliyovunjika ndani na damu iliyovuja bila jeraha la nje anaweza kuwa amevuliwa kwa baruti. Usimnunue. Uvuvi huo ni haramu, umeharibu miamba mingi ya Tanga, na anayenunua ndiye anayeulipia.

Kanuni za Uvuvi haziruhusu kuvua pweza mwenye uzito chini ya gramu 500. Kipweza kidogo kinachouzwa kwa chambo ni mali isiyo halali, hata kama bei yake inavutia. Usikusanye chambo kwa chandarua wala juya la kukokota ufukweni. Zana hizo zimekatazwa kwa kuwa hufagia vifaranga vya samaki ambao wangekuwa riziki ya mwaka ujao.

Ukinunua kwa fungu, angalia fungu lenyewe kwa makini. Ukinunua kwa kilo, mzani uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kamba hai awekwe kwenye ndoo yenye maji ya bahari, kivulini, na maji yabadilishwe mara kwa mara, kwa sababu maji yenye joto hupungukiwa hewa.

Unaponunua chambo cha kuigiza

Kagua ndoana kwanza, rangi baadaye. Baadhi ya bidhaa zimetengenezwa kwa ajili ya maziwa na mito, na ndoana zake hushika kutu upesi katika maji ya chumvi. Uliza kama zinafaa kwa bahari, na tafuta maelezo hayo kwenye pakiti. Vuta pete na ndoana kwa koleo. Zikifunguka mkononi, hazitamzuia nguru.

Fahamu namba za ndoana. Kuanzia namba 1 kwenda juu, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo: namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Zenye alama ya mkwaju na sifuri huenda kinyume: 5/0 ni kubwa kuliko 2/0. Wanunuzi wengi hupotezwa na jambo hili dogo.

Kwa nguru na mzia, weka kipande cha waya kati ya uzi na chambo, kwa kuwa meno yao hukata nailoni.

Jihadhari na bidhaa za kughushi. Dalili zake ni jina la mtengenezaji lenye herufi zilizokosewa, pakiti isiyoonyesha nchi ilikotengenezwa, rangi inayobanduka kwa ukucha, na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine. Rahisi ya namna hiyo huwa ghali.

Usalama na mipaka

Chubwi nyingi ni za risasi, madini yenye sumu. Usiibane kwa meno, osha mikono kabla ya kula, na usiwape watoto wachezee. Bunju akikushikia chambo, mrudishe. Sumu yake haiondolewi kwa kupika. Miiba ya tasi nayo huchoma na ina sumu, hivyo mshike kwa kitambaa. Chambo cha kuigiza chenye ndoana tatutatu kifunikwe kinapobebwa kwenye bodaboda au daladala.

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, imeenea kaskazini mwa mlango wa Mto Pangani na kujumuisha visiwa vya Karange na Yambe. Ina kanuni zake, na maeneo mengine ndani yake hayavuliwi. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni eneo tengefu ambalo haliruhusu uvuvi wa aina yoyote. Kabla ya kuvua mahali pageni, ulizia leseni na mipaka kwa afisa uvuvi wa halmashauri au kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari cha kijiji husika.

Kwa ufupi

Chagua chambo hai au kibichi ikiwa unavua kwa mshipi wa mkono ukiwa umesimama mahali pamoja, ikiwa maji ni machafu au ni usiku, au ikiwa unamtafuta changu na samaki wengine wa chini.

Chagua chambo cha kuigiza ikiwa una chombo kinachokwenda au fimbo yenye kikunjio, ikiwa maji ni maangavu, na ikiwa unamtafuta kolekole, nguru au mzia.

Kama ndiyo kwanza unaanza na fedha yako ni kidogo, anza na chambo kibichi. Ukishaijua miamba ya mahali pako, nunua kijiko kimoja kizuri badala ya vitano dhaifu.

Ukiuziwa kisicho sahihi

Dai risiti kila unaponunua, hata kwa kitu cha shilingi elfu chache, na itunze pamoja na pakiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora au matumizi ya bidhaa. Tangazo la ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudishwi halimwondolei muuzaji wajibu kwa bidhaa yenye kasoro au isiyolingana na maelezo aliyokupa.

Anza kwa kurudi kwa muuzaji mwenyewe, ukieleza kwa utulivu alichokuahidi na ulichokipata. Mkishindwa kuelewana, malalamiko ya upotoshaji na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, ya ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, na ya mizani hupelekwa Wakala wa Vipimo. Mlaji mmoja anayelalamika kwa ushahidi huwakinga wengine wengi ambao wangenunua kitu kilekile kesho yake.