Sadaka Isiyokatika

Leo twataka tutafakari pamoja juu ya sadaka ya namna moja: ile inayomsomesha kijana mkimbizi.

Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilianzishwa huko Turkana. Miongoni mwa waliopokewa kwanza walikuwamo maelfu ya wavulana kutoka Sudan. Walikuwa wamekimbia vita kwao wakakaa Ethiopia, na mwaka 1991 wakalazimika kutoka huko pia. Walikuja kwa miguu, wengi bila baba wala mama. Mkimbizi hawezi kubeba shamba lake kichwani, lakini elimu huenda naye, awe ugenini au amerudi kwao.

Twajua kwamba chakula na maji hutangulia, na ni haki. Hata hivyo, watoto wa Kakuma na Dadaab hufuata masomo ya Kenya na kufanya mitihani ile ile ya watoto wetu. Wakimaliza sekondari, wengi hukwama. Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikadiria kwamba katika kila vijana wakimbizi 100 duniani, ni 3 tu waliokuwa katika masomo ya juu. Lengo lililowekwa ni 15 ifikapo mwaka 2030.

Sisi wenye mapato madogo tufanye nini? Na tuwatazame wanafunzi wa Kanada. Tangu mwaka 1978 wamekuwa wakiwachangia wenzao wakimbizi. Katika vyuo vingi kila mwanafunzi hutoa fedha kidogo pamoja na karo yake, na wakimbizi zaidi ya 2,000 wamepata nafasi ya kusoma, wakiwamo wa Kakuma na Dadaab. Hawakungoja tajiri.

Hapo pana fundisho. Karo hudaiwa kila muhula. Kijana anayelipiwa muhula mmoja kisha akaachwa, hurudi kambini amevunjika moyo. Afadhali shilingi chache zisizokatika kuliko noti kubwa ya Krismasi inayoonekana mara moja tu. Yule mjane wa Injili hakusifiwa kwa wingi wa fedha zake.

Basi, wapendwa, kabla ya kuahidi tuhesabu gharama. Kisha kikundi cha akina mama, au cha vijana, au kanisa zima, likubali kumsaidia mwanafunzi mmoja mpaka amalize. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mungu atubariki sote.