Vizibo, Vijiti na Mbegu: Watoto Wetu Waijue Hesabu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na ajali kazini. Leo nataka kuzungumza juu ya vizibo vya soda. Msinicheke. Mkisoma mpaka mwisho mtaona kwamba jambo ni lile lile.

Mimi niliishia darasa la saba. Hesabu nilifundishwa kwa fimbo. Tulikariri jedwali la kuzidisha kama kasuku, na aliyekosea alichapwa. Nilipoanza kazi ya kuchuma chai huku magharibi mwa Uganda, mdomo wangu ulijua kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, lakini sikuweza kutazama karatasi ya mshahara nikasema hii ni kweli au hii si kweli. Baadaye nilipata watoto, na nasema kwa aibu kwamba nami nilimchapa binti yangu kwa ajili ya hesabu. Hakujua zaidi kwa kuchapwa. Alijifunza kuniogopa tu.

Mwalimu mmoja wa shule ya karibu na kambi yetu ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Alisema: mtoto kwanza ashike kwa mkono, halafu achore, mwisho ndipo aandike tarakimu. Sisi tulianzishwa kwenye tarakimu, ndiyo maana tulipotea. Wala njia hii si ya jana. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Rome, mtaa wa watu maskini ambao wazazi walishinda kazini. Aliwapa watoto vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha, na watoto hao ambao watu waliwadharau wakajifunza vizuri. Walikuwa watoto kama wetu.

Haya ndiyo tunayofanya sasa kambini jioni. Hayahitaji fedha.

Vijiti na mafungu. Kata vijiti mia moja vya urefu wa kidole. Watoto wawili wanatupa dadu ya ludo kwa zamu, na kila mmoja anachukua vijiti kwa idadi iliyotoka. Akifikisha kumi, anavifunga kwa uzi wa mgomba. Wa kwanza kufikisha mafungu matano ameshinda. Hapo mtoto anaona kwa macho kwamba ile 5 iliyoko katika 52 ni mafungu matano, si vijiti vitano. Kiswahili chenyewe kinasaidia: tunasema kumi na moja, kumi na tatu, na kumi unalisikia. Kwa Kiingereza jina la kumi na moja halionyeshi kumi wala moja. Kwa hiyo mtoto anayekutana na hesabu kwa Kiingereza darasa la nne, afadhali awe ameshaielewa kwa lugha anayoisema.

Sasa mwambie atoe 27 katika 52. Ana mafungu matano na vijiti viwili. Vijiti saba havitoki katika viwili, basi anafungua fungu moja, anabaki na mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Anatoa mafungu mawili na vijiti saba. Yanabaki mafungu mawili na vijiti vitano, yaani 25. Ile "kukopa" tuliyofundishwa bila kuielewa ni kufungua uzi tu.

Vizibo kwa kuzidisha. Panga vizibo safu sita, kila safu vinne. Vyote ni 24. Mwambie mtoto ahamie upande wa pili wa meza: sasa anaona safu nne za sita, na hakuna kizibo kilichoongezeka wala kupungua. Ameokoa nusu ya jedwali bila kukariri. Akikwama kwenye 7 mara 8, apange safu saba za vizibo vinane, kisha aweke kijiti baada ya kizibo cha tano katika kila safu. Upande mmoja 35, upande wa pili 21, jumla 56. Akisahau kesho, njia ya kurudia anayo.

Mbao wa omweso. Wazee wetu hucheza omweso chini ya mti, na ndugu wa pwani wana bao. Omweso una safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na mbegu 64, kila mchezaji 32. Mchezaji anasambaza mbegu moja moja akizunguka mashimo yake 16. Muulize mtoto: ukianza na mbegu 19, ya mwisho itaanguka wapi? Mara ya kwanza atasambaza ili aone. Baadaye atajibu bila kugusa: 16 zinanirudisha nilipoanzia, zinabaki tatu, basi ni shimo la tatu mbele. Huko ndiko kugawanya na kupata baki. Mzee anayecheza omweso ni mwalimu wa hesabu, ila hajaambiwa.

Karatasi ya kukunja. Watoto wengi husema thumni ni kubwa kuliko robo kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Usibishane naye. Kunja karatasi mara moja, una nusu. Mara mbili, robo. Mara tatu, thumni. Atajionea mwenyewe kwamba wagawanaji wakizidi, kipande kinapungua.

Sasa nifike kwenye mizani, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoamka.

Yule mwalimu aliwaonyesha watoto kutengeneza mizani ya mti ulionyooka, uliofungwa kamba katikati. Akawafundisha kwamba lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Binti yangu, wakati huo darasa la tano, alitundika kikapu kitupu cha mama yake upande mmoja, na chupa ya lita moja iliyojaa maji upande wa pili, umbali sawa na kamba. Mti ukalala sawasawa. Akauliza, "Baba, mbona karani anawakata kilo mbili za kikapu?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tukikatwa hivyo kwa miaka. Mama watoto alipima majani mara nne kwa siku, mara mbili asubuhi na mara mbili alasiri. Tukakaa chini na vijiti. Kilo moja ya ziada kila mzani, mara nne, ni kilo nne kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 104 kwa mwezi, za mchumaji mmoja.

Tulipeleka jambo hilo kwa mwajiri kwa njia ya chama, tukabeba kikapu na chupa ya maji mpaka ofisini. Wakasema ile kilo ya pili ni ya umande. Tukajibu: umande upo asubuhi, alasiri haupo. Baada ya vikao vitatu wakakubali kuacha makato ya alasiri. Hivyo tulirudisha kilo 52 katika zile 104. Za miaka iliyopita hazikulipwa, na za asubuhi bado tunazidai. Sisemi tulishinda kila kitu. Nasema tusingedai hata kilo moja kama hatukuijua.

Ndugu wazazi, maonyo machache. Vizibo vipondwe kingo kwa jiwe visikate mikono. Watoto wadogo wasiachiwe kokoto na maharage, huyaweka puani na mdomoni. Robo saa kila jioni yatosha. Mtoto akichoka, acheni. Akikosea, muulize, "Umefikaje hapo?" wala usimwite mjinga. Na mchezo ukiisha, aseme alichofanya, kisha akiandike, maana mtihani haufanywi kwa vizibo, wala karatasi ya mshahara haina vijiti.

Tena msiwaachie akina mama peke yao kazi hii. Baba anayepata nafasi ya kukaa kwenye omweso saa mbili anapata nafasi ya kumweka mtoto kando yake.

Kila tawi naliomba lianze na vitu vitatu: mkebe wa vizibo, mafungu ya vijiti, na mizani ya mti mahali ambapo kila mchumaji anaweza kupima kikapu chake. Watoto watajifunza, na sisi wakubwa tutajifunza tukijifanya tunawafundisha.

Umoja ni nguvu.